Mwizi Hana Mama Mkwe

Christina alikuwa na mdomo, na hilo hakuwahi kulikana. Pale Shanwe, kwenye kibanda chake cha mabati kando ya barabara, ungemsikia kabla hujamwona. Anamgombeza dereva aliyeunga waya kwa plasta ya kidonda, au anamcheka mwenye lori aliyenunua betri mpya kumbe ile ya zamani ina kutu tu kwenye vichwa. "Nyie magari mnayaendesha kwa maombi," alikuwa akiwaambia. Wateja walisemwa, wakacheka, wakarudi. Mpanda ya miaka ile ya tisini ilikuwa na mafundi injini wa kumwaga, lakini ukitaka fundi umeme wa kukutoa usiku ukafika na taa zako zote mbili, ulikwenda kwa Mama Agape.

Ufundi wenyewe aliupata kwa hasira. Mumewe, marehemu Machibya, alikuwa na lori bovu la kubebea tumbaku, ambalo taa zake zilizimika kila zilipoliona pori. Wamelala njia ya Inyonga mara nyingi, wakisikiliza fisi. Christina akachoka. Akamfuata Salvatori, Mfipa aliyekuwa akitengeneza magari ya misheni, akamwambia, "Nifundishe waya, ama nitamuua mume wangu." Salvatori akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamfundisha. Machibya alipofariki kwa homa, lori liliuzwa, ufundi ukabaki, na ndio uliomlea binti yao Agape mpaka akaolewa.

Sasa lije lile lililomkaa Christina kooni.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mpunga aitwaye Melkior, mtu wa Katumba, ambaye wazazi wake walitoka Burundi miaka ya vurugu. Melkior alikuwa na pikapu aliyoipenda kuliko alivyojipenda mwenyewe. Akamwomba Christina amfungie swichi ya siri: usipoibonyeza, gari haliwaki hata uwe na ufunguo. Christina akaificha, akamwonyesha mwenyewe peke yake, basi. Haikupita miezi mingi, pikapu ikaibwa mchana kweupe nje ya harusi. Mwizi hakufungua hata skrubu moja. Aliingia, akabonyeza, akaondoka, na waliokuwa wakicheza ngoma walidhani ni Melkior anakwenda kuongeza soda.

Watu wakapiga hesabu zao. Nani alijua ilipo swichi? Melkior na Christina. Melkior hawezi kujiibia. Na Christina je, mkwewe, mume wa Agape, si yule Nkwabi wa Nsemulwa, anayechinja magari yaliyokufa na kuuza vipuri? Hapo hesabu ikakamilika, ikapata na kibwagizo: "Mama mkwe kaficha, mkwe kafichua." Watoto walikiimba wakipita kibandani. Polisi waliwahoji wote wawili, hawakuona kitu, wakawaachia. Lakini polisi wakikuachia haina maana mji umekuachia. Melkior aliacha kumsalimia. Wateja waliendelea kuleta taa na honi, ila swichi za siri hakuletewa tena hata moja. Hilo lilimuuma kweli.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka 1998, Gaspar aliposhuka kwenye treni ya Tabora.

Gaspar alikuwa mkaguzi, ametumwa na kampuni moja ya bima ya Dar es Salaam. Kulikuwa na shirika la kuhudumia wakimbizi ambalo Landkruza zake zilikuwa zinapotelea upande wa ziwani, na bima ilikuwa imesema haiwezi kuendelea kuzilinda hivihivi. Kila gari lifungwe kifaa cha kulifuatilia likiibwa: kisanduku kidogo kinachotoa mawimbi ya redio, halafu polisi wanakuwa na mtambo wa mkononi wenye antena, unaolia tii, tii, tii, na kadiri unavyosogea karibu na gari ndivyo unavyolia kwa nguvu. Ni jamaa ya zile kola wanazofungwa simba kule mbugani. Ila kisanduku hakifungwi na yeyote. Kinafungwa na fundi mwenye kibali, na Mpanda ilitengewa kibali kimoja tu, kisichopatikana bila mtihani.

Mafundi walikusanywa uwanjani karibu na stesheni, Gaspar akawaeleza masharti. Alikuwa mtu mpole, anayesema taratibu, na kazi yake alikuwa anaijua. Kifaa kikikatiwa betri ya gari lazima kiendelee kulia kwa betri yake. Kikimbizwe kwenye mashimo, kimwagiwe maji, kisizime. Kifichwe mahali ambapo mtu anayejua magari, akipewa nusu saa, hakipati. Na fundi awe mtu ambaye mji unamwamini, kwa kuwa siri ya gari inalala kwake.

Kwenye hilo la mwisho watu wakakohoa. Christina akasikia kila kikohozi.

"Hii ni kengele ya ng'ombe," alisema kwa sauti, kama vile hakuna aliyekohoa. "Mimi nimekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yangu. Mwizi wa ng'ombe akifika, kitu cha kwanza anashindilia majani kwenye kengele ili isilie. Kwa hiyo swali si kuifunga. Swali ni kuifunga mahali ambapo mwizi hawezi kuishindilia majani."

"Hilo hasa, mama," Gaspar akasema, akatabasamu. "Na bati la gari ndiyo majani yenyewe. Ukikizungushia chuma pande zote, sauti haitoki."

"Basi mimi nafanya huo mtihani. Na wa kutafuta namtaja mimi mwenyewe. Mleteni Nkwabi wa Nsemulwa."

Uwanja ukachangamka. Gaspar akauliza huyo Nkwabi ni nani, akaambiwa na watu zaidi ya wanne kwa pamoja: ni mkwewe, na ndiye anayejua kulifungua gari kuliko mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Sumbawanga. Gaspar akakunja uso. Christina hakumpa nafasi.

"Wanasema mimi naficha, yeye anafichua. Haya, afichue mbele yao. Asipokiona Nkwabi, hakuna mwizi atakayekiona. Akikiona, mimi nifunge mdomo."

Gaspar akafikiri. Alikuwa mtu mwenye akili, akatafuta namna ya kumzuia Nkwabi asimwonee mama mkwe huruma, akaipata. Akamwita Nkwabi, akamwambia mbele ya wote kwamba akikipata kifaa, nafasi ya kufanyiwa mtihani wa kibali itakuwa yake, si ya Christina. Macho ya Nkwabi yaliwaka. Alikuwa kijana wa Kisukuma mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyojaa makovu ya mabati, na kazi ya heshima namna ile alikuwa anaitamani tangu zamani. Kila mtu aliona kwamba hapa hakuna kupendeleana.

Christina alifungiwa ndani ya gereji ya shirika na Landkruza moja asubuhi nzima. Alizunguka gari lile akijiuliza mwizi anatazama wapi. Kwenye boneti atatazama. Nyuma ya dashibodi atatazama. Mwisho alikiinua kiti cha abiria cha mbele, akakifumua chini, akachimba sponji, akakilaza kisanduku humo kama yai, akapitisha waya kwenye reli ya kiti, kisha akashona. Hapo hapana chuma cha kuziba sauti. Na fundi gani mwanamume atafikiria sindano na uzi? Alicheka peke yake.

Mchana gari likapelekwa kwenye mashimo ya barabara ya Mwamkulu. Dereva wa shirika aliendesha, Gaspar nyuma na mtambo wake, Christina kwenye kiti kilekile cha mbele, juu ya siri yake. Vumbi lilikuwa jingi, kwa hiyo akavua kanga aliyojitanda, akaitandika kitini. Walirushwa wee, wakapita mtoni, wakarudi, mtambo unalia vizuri. Betri ikakatwa, mtambo unalia vilevile. Gaspar akaridhika. Wakashuka, mtambo ukazimwa, Nkwabi akaitwa.

Hiyo nusu saa watu wa Mpanda waliisimulia muda mrefu. Nkwabi alifungua boneti akaingia karibu mzima. Akatoa dashibodi. Akashusha kitambaa cha paa. Akafungua taa, bampa, tairi la akiba, akalala chini ya gari akagonga tangi la mafuta kama daktari anayepima kifua. Akang'oa kiti cha dereva akakigeuza juu chini. Watu walikuwa wanashangilia kila anapofungua kitu, na Melkior alikuwa amejipenyeza mstari wa mbele, amekunja mikono, hacheki. Christina alisimama upande wa pili kama alivyoamriwa, hasemi neno, jambo lililowashangaza wengi kuliko mtihani wenyewe.

"Muda umekwisha," Gaspar akasema. "Umetafuta kote?"

Nkwabi alijifuta mikono. "Nimetafuta kote kunakowezekana," alisema, akiangalia chini.

Vigelegele vikapigwa. Wanawake wa sokoni walimbeba Christina. Gaspar alitangaza kwamba amefaulu, kibali kitatolewa kesho asubuhi, na gari lipelekwe kituo cha polisi likae hivyohivyo usiku huo. Hata waliokohoa walikuja kumpa mkono. Christina alijiona amerudishiwa mji mzima.

Alipokumbuka kanga yake, gari lilikuwa linafungwa kamba livutwe kituoni. Akafungua mlango wa kushoto, akanyoosha mkono, mkono ukabaki hewani.

Gari zima lilikuwa limechafuliwa. Alama za vidole vya grisi zilikuwa kwenye usukani, kwenye milango, kwenye paa, hata kwenye kioo. Kanga ilikuwa safi. Ilikuwa imelala kama alivyoitandika yeye, pindo kwa pindo, na maandishi yake yakisomeka. Hakuna aliyeigusa. Kiti cha dereva kilikuwa kimeng'olewa, na hiki cha pembeni yake hakikusogezwa hata kidogo.

"Ee Mungu wangu," Christina alisema taratibu.

Maana kwa Wasukuma, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hampeani mkono, hamli sahani moja, hamtazamani usoni. Yeye akija kwa njia hii, wewe shika ile. Ukiwa na neno, linapitia kwa binti. Na nguo ya mama mkwe, au mahali alipokalia, hapo mkwe hatii mkono, hata nyumba ikiwaka moto atamtafuta mtu mwingine wa kuitoa. Christina alijua haya yote tangu utotoni. Ila siku ile alimtaka fundi Nkwabi, akasahau kwamba fundi huyo atakuja na adabu zake zote.

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja Nsemulwa, jua bado linawaka. Agape alikuwa anapepeta mchele. Nkwabi alipomwona mama mkwe anaingia uani, alihama haraka, akaenda kukaa nyuma ya kona ya nyumba, mgongo ukionekana kidogo.

"Muulize mwenzio," Christina alimwambia binti yake, "kile kiti alikijua?"

Agape hakuhitaji kurudia, maana kona yenyewe ilikuwa hatua chache tu. Lakini alirudia, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, akimtaja mama kwa Kisukuma. "Mayu anauliza kiti ulikijua?"

"Mwambie mayu," sauti ya Nkwabi ilitoka nyuma ya ukuta, "nilikijua tangu nafungua mlango. Kanga haikufika chini. Uzi wa kiwandani ni mweusi, ule ulikuwa wa kahawia. Lakini ningefanyaje? Nishike nguo ya mayu mbele ya watu wote wale? Mwambie mimi si mhuni."

"Na ile nafasi aliyoahidiwa? Si alikuwa anaitaka?"

"Mwambie nilikuwa naitaka sana."

Christina akakaa kwenye kinu kilichokuwa kimelazwa pale. Angeweza kunyamaza. Wanaojua walikuwa watatu tu, wote wa nyumba moja, na kibali kilikuwa kinatoka asubuhi. Kilichomtoa jasho hakikuwa uchamungu. Ni kwamba aliusikia ule wimbo wa watoto ukimpita kichwani, mama mkwe kaficha, na akaona wazi kwamba hadi leo umekuwa uongo. Akinyamaza, kuanzia kesho utakuwa kweli. Watakuwa wameshirikiana kweli, yeye na mkwewe, kudanganya mji. Na mwizi atakayeliiba gari la shirika atakikalia kile kiti bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Mwambie mwenzio kesho asubuhi aje na kisu," alisema, akasimama.

Asubuhi alimkuta Gaspar gesti anakunywa chai na vitumbua. Alimweleza yote bila kuzungusha. Gaspar aliweka kikombe chini.

"Mama, unajua unaniomba nini? Nikuangushe mtihani uliokwisha kufaulu."

"Sikufaulu. Iliyofaulu ni kanga. Sasa baba, mwizi wako atakuwa na mama mkwe humo garini? Mwizi hana mama mkwe."

Gaspar alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikiri kwamba masharti aliyokuja nayo yanataja maji, vumbi, betri na nyundo, lakini wakwe hawamo, na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuuliza kwa nini kiti kimoja kimebaki. Akatuma mtu awaite watu waje kituo cha polisi. Hawakuhitaji kuitwa mara mbili, maana asubuhi hiyo Mpanda haikuwa na habari nyingine.

Gari lilikuwa palepale, limefumuliwa. Christina akaenda mlango wa kushoto mbele ya macho ya wote, akachukua kanga yake, akajitanda. Kisha akafanya jambo ambalo wazee wa Kisukuma waliokuwepo walilijadili baadaye, wengine kwa kulaumu. Alimgeukia mkwewe akamwangalia usoni, akamwita kwa jina lake, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa Agape.

"Nkwabi! Hapa leo mimi si mkwe wako. Mimi ni fundi, na wewe ni mwizi. Tafuta."

Nkwabi aliinamisha kichwa, akasema "Ndiyo, mayu," kwa sauti ya kusikika. Akakigeuza kiti, akapitisha kisu kwenye uzi wa kahawia, akaingiza vidole kwenye sponji, akatoa kisanduku. Ilikuwa kazi ya muda wa kuvuta sigara nusu.

Gaspar alisema alichotakiwa kusema, kwamba Bi Christina hakufaulu na mwaka huu hawezi kurudia. Machozi yalimtoka Christina, akayaacha yatoke. Ilimuuma. Alikuwa ameitaka ile kazi, aliiweza, na ameikosa kwa uzi wa rangi mbaya. "Haya, mmeona wote?" alisema, akijifuta kwa kanga. "Nimeficha, amefichua. Endeleeni kuimba."

Hakuna aliyeimba.

Mchana Nkwabi alificha kifaa kwenye gari jingine, na Christina ndiye aliyepewa kutafuta. Alitafuta kwa roho mbaya kabisa, akafumua mpaka kamba za viatu vya dereva, kama alivyotania mtu mmoja. Hakukipata. Kibali kikaandikwa jina la Nkwabi, na mama mkwe ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Aliporudi Shanwe jioni ile, alikuta gari limesimama mbele ya kibanda chake. Lilikuwa lori dogo ambalo Melkior alilinunua baada ya pikapu kuibwa, na Melkior mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi yake pamoja na mkewe, Libérate. Melkior alisimama. Tangu ile harusi hawakuwa wamesalimiana.

"Habari za kutwa, Mama Agape."

"Umeziona mwenyewe, ulikuwa mstari wa mbele."

"Nimeziona." Alikuwa anazungusha ufunguo kidoleni. "Mtu anayeweza kujiangusha vile mbele ya mji mzima, huyo hakuniibia. Nataka unifungie swichi ya siri. Kama ile."

Libérate alimtazama mumewe, akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Ila mara hii," Melkior akasema, akampa ufunguo bila kumwangalia, "ukimaliza mwonyeshe mke wangu. Mimi usinionyeshe. Ile ya kwanza nilikuwa nikiwaonyesha watu nikilewa."